Nyoka wa Waya Rosa

Dada zangu wa kikundi cha Dorkasi,

Mmeniuliza kwenye simu, mmeniuliza sokoni, na Mama Boke amekuja kuniuliza hadi mlangoni: safari ilikuwaje, na yule shangazi amempokea Kristo au bado? Nimewazungusha wiki mbili nzima na "tutaongea." Basi sasa tuongee. Ila nawaambia jambo moja mapema ili msisome mkingojea muujiza. Yule nyoka hakuwepo. Nyungu ilikuwepo, lakini ilikuwa ya maji ya kunywa. Waya Rosa hajawahi kuwa mganga hata siku moja.

Kwetu shangazi tunamwita waya. Huyu ni dada wa baba yangu, ndiye aliyenilea kisiwani Takawiri tangu mama alipofariki. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kikundi chetu kina Wajaluo, Wakuria, Wakisii na Waluhya, na pia kwa sababu uongo wenyewe niliusema kwa Kiswahili.

Migori hadi Awendo

Mlinisindikiza Ijumaa asubuhi mkiimba, mimi nikapunga mkono kama mtu anayekwenda kuhubiri Ninawi. Ukweli ni kwamba sikutaka kwenda. Tangu mlipotoa wazo la kunituma nikamtoe Waya gizani, nilitafuta sababu ya kukataa kwa mwezi mzima nikaikosa. Ningesema nini? Kwamba mama huyo husali rozari kila jioni, na ndiye aliyenifundisha Baba Yetu kabla sijajua kuvaa viatu? Nilijipa moyo kwamba labda ule ushuhuda wangu wa nyoka, uliorekodiwa na kusambazwa kwenye simu, haujafika kisiwani. Nilipanga kukaa naye siku mbili, nile samaki, kisha nirudi niwaambie kwamba moyo wake ni mgumu na tuzidi kumwombea. Ndiyo, huo ndio uliokuwa mpango wangu.

Kabla ya Awendo tulikuta trekta ya miwa imelala ubavu katikati ya barabara. Magari yakasimama pande zote mbili. Dereva wetu alizima injini, akashuka, akavunja muwa wake na kwenda kutafunia kivulini kama mtu aliyefika nyumbani. Mimi nilikuwa nalitazama jua. Sabato ingeingia likizama, na nilitakiwa niwe Rangwe kabla ya hapo kwa sababu kanisa la huko lilikuwa limenialika nitoe ushuhuda.

Kando yangu alisimama mwanamke Mkuria, mfanyabiashara wa ndizi, mtoto mgongoni. Alinimegea kipande cha muwa. Tukaongea habari za mvua, tukawasema madereva wa trekta. Nilikuwa nimeshasema maneno machache tu aliponigeukia na kunitazama vizuri.

"Ni wewe," akasema. "Mama wa nyoka. Sauti ni hiyo hiyo."

Akaniambia anao ushuhuda wangu kwenye simu na ameusikiliza mara nyingi hadi anaujua. Kisha akanishukuru. Alisema mama mkwe wake ana vyungu na majani nyuma ya nyumba, na zamani alikuwa anamwogesha mtoto kwa majani hayo akipata joto. Yeye hakuona ubaya, mpaka aliponisikia. Tangu siku hiyo bibi huyo hamgusi mtoto. Akija kusalimia anasalimia akiwa uani.

Dada zangu, majani ya kumwogesha mtoto mwenye joto ndiyo hayo hayo aliyotumia Waya. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu pale, na kulikuwa na muda tele, maana trekta haikuondolewa hadi alasiri. Nilisema, "Ubarikiwe sana." Halafu nikajifanya nasinzia nimesimama, ili asiendelee kunishukuru.

Awendo hadi Rangwe

Barabara ilipofunguka dereva aliendesha kama anafukuzwa, akaniacha Rodi. Kutoka hapo nilichukua pikipiki hadi Rangwe, mkoba mapajani, jua likituchungulia kwa nyuma. Niacheni niwaeleze huo ushuhuda ulipatikanaje, maana njia nzima ndiyo niliyokuwa nawaza.

Nilipokuja Migori nikiwa na miaka ishirini na sita, kuuza mitumba, hakuna aliyenijua. Nilianza kuja kanisani kwa sababu jirani alinipa masomo ya Biblia kuhusu Sabato na yakanishika. Hilo ni kweli kabisa, na hadi leo naliamini. Nilibatizwa mtoni nikaitwa Eunike. Lakini mnakumbuka vile vipindi vya ushuhuda. Fulani alikuwa mlevi wa kulala mtaroni. Mwingine alikuwa mwizi wa ng'ombe, akaonyesha hadi kovu. Ilipofika zamu yangu nilisema nililelewa na shangazi Mkatoliki aliyenifundisha kusali. Watu walinitazama kwa adabu, na mzee aliyekuwa akiongoza akaniuliza kama nimemaliza. Mtu aliyetoka kwenye sala akaenda kwenye sala nyingine ana nini cha kushuhudia?

Mara ya pili nikasema nililelewa katika nyumba ambamo Kristo hakujulikana. Nilijitetea moyoni kwamba nina maana ya Sabato. Nikapata Amina tatu. Mara iliyofuata nikasema Waya aliwashika akina mama wajawazito na kuwapa majani, jambo ambalo ni kweli, kwa sababu alikuwa mkunga, ila nililisema kwa sauti ya chini na kunyamaza kidogo. Kanisa zima likavuta pumzi. Siku hiyo akina mama walinikumbatia mlangoni, na mmoja akaniuliza jina langu. Nikaanza kuwa mtu.

Nilifika Rangwe jua likiwa limebaki kidole kimoja. Wenyeji wangu walikuwa wamesimama barabarani wana wasiwasi. Wakaniambia wameomba na Mungu amelizuia jua, nami sikubisha.

Sabato ya Rangwe

Kulikuwa na nyoyo iliyopikwa Ijumaa, yaani mahindi na maharagwe yaliyopoa hadi yanashikana, na uji kutoka kwenye chupa ya chai. Nilikula kidogo. Usiku huo niliamua kwamba kesho nitasoma mstari mmoja, nitawasalimia na kukaa. Niliamua kabisa.

Sasa mnajua desturi yetu. Pale Rangwe karibu wote ni Wajaluo, na mimi ni Mjaluo. Hata hivyo niliwekewa mtafsiri. Mimi naongea Kiswahili, yeye anageuza kwa Dholuo, kwa sababu ushuhuda unaotafsiriwa unaonekana umetoka mbali. Hatujawahi kujiuliza kwa nini tunafanya hivyo. Mimi najua faida yake. Mtafsiri anapogeuza sentensi yako, wewe una muda wa kutazama nyuso za watu na kutafuta sentensi inayofuata. Nyoka alizaliwa hivyo hivyo, mwaka wa tatu, kwenye mkutano wa makambi. Nilikuwa nimesema, "Na ndani ya ile nyungu..." nikiwa na nia ya kumalizia na maji au majani, sijui. Mtafsiri akageuza. Watu elfu wakanyamaza kimya. Alipomaliza akanitazama, akingoja, na mimi nikasema, "kulikuwa na nyoka."

Basi Rangwe nilisimama, nikasalimia, na mtafsiri alikuwa hodari kuliko wote niliowahi kupata. Nikatoa ushuhuda wote. Nyungu, nyoka, kuogeshwa njia panda alfajiri, kila kitu. Mama mmoja alilia kwa sauti. Baada ya ibada nilipewa nanasi na kuku aliyefungwa miguu, nikamwacha kuku kwa wenyeji. Nawaambia haya ili mjue kwamba sikuwa nimedanganywa na mtu wala sikuteleza. Siku moja tu kabla nilikuwa nimemwona yule Mkuria na mtoto wake, na bado nilisema.

Rangwe hadi Mbita

Jumapili asubuhi stendi ya Rangwe ilikuwa imejaa akina mama wa Kikatoliki wenye vitambaa vichwani wakingoja gari la kwenda misheni ya Asumbi. Waya alikuwa na kitambaa kama hicho. Nikasimama mbali nao kidogo.

Homa Bay sikukaa, nilibadilisha gari tu. Mbita nilifika mchana na kuambiwa mashua ya Takawiri haiondoki hadi mabati ya mtu fulani yaje, na mtu huyo bado yuko ibadani. Nikaingia hoteli ya mabanda karibu na maji kungoja. Niliagiza ugali na samaki, nikaletewa mumi, yaani kambare, kwenye mchuzi mwekundu, mkubwa, ndevu zimelala kando ya sahani. Nikamwita mwenye hoteli nikamweleza kwamba sisi hatuli samaki asiye na magamba. Alinielewa mara moja, akasema ndugu yake pia ni wa Sabato, akanibadilishia omena, dagaa wa ziwani, bila kinyongo. Hata kijiko aliniletea kingine. Nikashukuru kwa kichwa kilichoinuka kidogo.

Ndipo akaniuliza naenda wapi, nikamtajia nyumba ya Rosa, Takawiri. Akakaa kwenye benchi la mbele yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa huruma ya kweli, kama ni tatizo la mtoto au la mume. Sikuelewa. Akanieleza basi. Alisema watu wengi hupita hapo wakienda kwa mama huyo tangu wasikie habari zake kwenye simu. Wavuvi hupeleka nyavu ziwekewe dawa. Wanawake wasiopata watoto huenda na kuku. Yeye anawafukuza wote, alisema, lakini watu wanaamini anafanya hivyo ili kupandisha bei. Akanishauri nikishuka nisipite njia kuu, nizungukie nyuma ya mawe, kwa sababu wanaoonekana wakiingia kwake husemwa.

Omena walinishinda. Nilikuwa mwangalifu hivyo wa samaki asiye na magamba, na kumbe nimemla mama yangu mzima mzima.

Majini

Mabati yalikuja saa kumi. Tulivaa maboya, tukapanga magunia ya unga, kreti za soda na godoro moja. Nahodha alituuliza kila mtu anashukia wapi ili apange uzito. Alipofika kwangu nilisema naenda kwa Rosa, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Mwanamke aliyekaa ubavuni mwangu alinyanyua kikapu chake akahamia upande wa pili, juu ya mabati, mahali pabaya pa kukaa. Nahodha akamwambia arudi, mashua inalemea upande mmoja. Akakataa. Ikabidi gunia la unga lisogezwe pale alipokuwa ili mashua ikae sawa.

Nililia njia nzima nikitazama maji, na upepo ulinisaidia, kwa sababu sote tulikuwa tumelowa nyuso.

Takawiri

Nilipita njia kuu. Hilo angalau nililifanya.

Waya alikuwa nje anakusanya omena waliokauka. Amekonda, dada zangu. Aliinuka, akanipokea mkoba kama alivyonipokea nilipokuwa nikitoka shule, akaniita Anyango, jina langu la kuzaliwa ambalo hapa Migori hakuna anayenijua kwalo. Akaniletea maji ya kunawa. Ndani kulikuwa na samaki ngege mkubwa wa kuchemsha na maziwa moto kwenye kikombe. Nilikuwa nimempigia simu Alhamisi kumwambia nakuja, naye akaenda kumuuliza mwalimu wa shule ambaye ni Msabato tunakula nini. Aliambiwa samaki awe na magamba, na chai wengi wetu hatunywi. Ngege siku hizi si rahisi kumpata. Alikaa ananitazama nikila, ananitolea miiba.

Nilipomaliza akaniondolea sahani. Halafu akauliza.

"Anyango, huyo nyoka nilikuwa namlisha nini?"

Hakuwa anacheka na hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu ambaye ameliwaza swali hilo muda mrefu akiwa peke yake. Nilipiga magoti pale pale, nikashika sketi yake, nikalia, nikamwomba msamaha kwa maneno mengi. Aliniacha nilie.

Kisha akanieleza alivyosikia. Walikuwa ufukweni, akina mama wanageuza omena, na mmoja akafungua simu. Waya alisikia sauti yangu, akafurahi. Akawaambia wote wanyamaze, huyo ni mtoto wake. Kiswahili chake ni kidogo, kwa hiyo akamwomba mwenzake amtafsirie. Mwenzake akatafsiri mwanzo, akafika mahali akanyamaza. Waya akamwambia aendelee. Akaendelea hadi mwisho, wote wakiwa wameshika omena mikononi.

Tangu hapo akina mama waliacha kumletea watoto. Kanisani alikuwa mwenyekiti wa akina mama, na ndiye aliyefua nguo za altare kwa zaidi ya miaka ishirini. Katekista alimwendea kwa upole akamwambia apumzike kidogo hadi maneno yatulie. Nguo zikapewa mtu mwingine. Nilimuuliza kwa nini hakunipigia simu. Alisema alifikiri nimepata mahali pangu huko, na kwamba pengine mahali penyewe panataka mtu aseme hivyo.

Nikakumbuka zawadi zenu. Nikatoa Biblia ya Dholuo na leso ya kujifunga, nikamweleza kwamba akina mama wa kanisa langu walichanga wakamnunulia. Alipangusa mikono, akaipapasa leso, akasema ni nzuri. Kisha akaikunja vizuri akairudisha kwenye mkoba pamoja na Biblia.

"Hizi zimetumwa kwa mganga," akasema. "Mimi nitazipokeaje?"

Hakurudia swali la nyoka wala hakuniambia amenisamehe. Alisema tu kwamba machozi ya humo ndani hayana mtu wa kuyaona, na kwamba Jumanne kuna jumuiya.

Jumuiya ni kikundi cha majirani Wakatoliki, hukutana kusali nyumba hadi nyumba. Jumanne walikuwa kwa mama mmoja mwenye duka, chini ya baraza, watu kama kumi na tano, na katekista alikuwepo. Waya aliingia nikiwa nyuma yake. Watu wakasogea kutupisha, nafasi kubwa kuliko tuliyohitaji. Baada ya sala aliinuka akasema mtoto wake ana neno, akakaa.

Nikasimama. Nikaanza, "Ndugu wapendwa, siku ya leo nimesimama mbele zenu..." kwa Kiswahili. Sijui ni mazoea gani hayo. Hakukuwa na mgeni hata mmoja pale. Waya akanikatiza kwa upole. Alisema nitumie lugha yetu, kwa kuwa mara ya kwanza ilimbidi atafute wa kumtafsiria.

Nikageukia Dholuo. Nikaeleza nilivyopotoka. Na hapa ndipo pananichoma kuliko pengine pote. Nilikuwa nasema kweli, kila neno, lakini nilijisikia nikishusha sauti mahali pa kushusha. Niliposema neno "yatima" nikanyamaza kidogo, na mama mmoja akajifuta macho, na mimi nikaona kwamba amejifuta, nikafurahi. Kutoka nyuma mtu akasema Amina. Nikainua mkono.

"Anyango," Waya akasema. "Ongea kama mtu."

Mkono ulibaki juu. Nikaushusha. Bila ile sauti sikujua nisimameje wala nianze na neno gani. Miaka tisa mimi nimekuwa yule mama aliyetolewa kwenye nyungu, na ukimwondolea nyungu sikujua kama kuna mtu anayebaki. Nikasema hivi: "Waya hakuwa na nyoka. Hakuwahi kuniogesha njia panda. Majani yalikuwa ya kumwogeshea mtoto mwenye joto. Nilidanganya nikijua nadanganya." Hakuna aliyesema Amina. Mama mwenye duka akaniuliza kwa nini. Nikamjibu nilitaka watu wanisikilize. Wakaniuliza jambo moja moja la kwenye simu, hili je, na hili, na mimi nikajibu kweli au uongo. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu uongo ulikuwa mwingi kuliko nilivyokumbuka.

Bibi mmoja alimwendea Waya akamshika mkono, akakaa karibu naye. Katekista alisema atazungumza na padri kuhusu zile nguo. Lakini tulipokuwa tunatoka mama mwingine alinivuta pembeni, akaniambia nisiogope, atafunga na kuniombea. Yeye aliona wazi kwamba Waya amenifunga ulimi kwa dawa ili nikane. Nilimwapia kwamba si hivyo. Alinipapasa bega kwa huruma.

Kurudi

Nilikaa hadi Alhamisi. Waya alinisindikiza hadi kwenye mashua mbele ya watu, akanifunga boya mwenyewe, akavuta kamba hadi ikanibana. Nilimuuliza kama niseme pia Migori. Alinijibu kwamba Migori yeye haijui na hawezi kunipangia maneno ya huko, ila watu wanaokuja na kuku wanatoka upande huo.

Awendo nilishuka nikatembea sokoni kutafuta yule Mkuria wa ndizi. Sikuuliza jina lake siku ile, kwa hiyo sikuwa na la kumuulizia. Nilizunguka hadi wauzaji wakaanza kunishuku.

Jana nilikwenda kwa Mzee Elkana, mzee wetu wa kanisa, nikamwambia yote kama nilivyowaambia. Alinisikiliza vizuri, mnamjua. Akasali. Kisha akaniuliza wale waliobatizwa kwa sababu ya ushuhuda wangu tutawaambia nini, na makambi ni mwezi ujao na jina langu limeshatangazwa. Alikuwa anahangaika kweli, sikuona hila ndani yake. Akapendekeza nyoka tumwache, na njia panda tuiache, lakini nyungu ibaki, kwa kuwa nyungu ilikuwepo. Nisiseme kilichokuwa ndani. Watu wataelewa wenyewe.

Nilitikisa kichwa kukubali. Dada zangu, nilikubali, na hata nikasikia mzigo umenitoka, nikamshukuru, nikanywa maziwa yake. Nilifika nyumbani, nikavua viatu, nikakaa kitandani na kuanza kupanga jinsi nitakavyosema "kulikuwa na nyungu" kisha ninyamaze. Nilikuwa nimeshachagua hadi sauti.

Ndipo nikachukua kalamu, na leo nawatumia nyote barua hii kwa pamoja, naye Mzee Elkana nimemtumia, kabla sijapata muda wa kubadili mawazo. Mwenye ule ushuhuda kwenye simu namwomba aufute, na wale aliowatumia awapelekee maneno haya. Kwenye makambi msiniite. Rosa wa Takawiri alinilea, akanifundisha kusali, na mimi nikasema ni mganga kwa sababu mlinikumbatia niliposema hivyo. Sina ushuhuda mwingine.